Mwani Hauna Sabato

Katika ukoo wetu wote, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulipwa mshahara kwa kutazama utelezi wa kijani ukipumua. Wenzangu tuliomaliza nao shule walikuwa makarani na walimu, na mmoja alikuwa polisi mwenye filimbi yake. Nikirudi nyumbani watu waliniuliza, "Omera, ndugu yetu, serikali imekupa kazi gani?" Nikijibu kwamba napima mwani wa mtoni, walinyamaza kwa adabu, kisha wakaniuliza habari za mvua.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Ofisi yetu ya maji ilikuwa Homa Bay, chumba kimoja cha mabati kilichotazama ziwa, chenye joto la kuivisha mayai. Bwana mkubwa wetu alikuwa Mzungu aliyebaki wakati wenzake walipofunga masanduku wakaenda zao. Sijui kama alibaki kwa kutupenda sisi au kwa kuupenda mwani, lakini mwani aliusalimia kwa furaha zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko jina lake. Siku hizi vitabu vya shule vinaiita usanisinuru. Sisi tuliiita kazi ya chupa. Unaamka alfajiri, unateka maji ya mto kwa chupa mbili. Moja ni ya kioo kitupu, jua linapita. Ya pili unaivika mfuko mweusi, jua lisipenye. Unazifunga vizibo na kuzitundika humo humo mtoni, kina cha mkono mmoja, mpaka saa nane mchana. Mwani ulio hai ukipata jua hutengeneza hewa, kwa hiyo chupa ya mwangani hujaa hewa. Ile ya gizani haizalishi kitu, inakula tu akiba iliyokuwamo. Ukizitoa unadondosha dawa mbili ndani ya kila moja, na maji yanageuka rangi: penye hewa nyingi huwa kahawia kama chai ya rangi, penye hewa kidogo huwa hafifu. Chupa zikitofautiana, mwani umefanya kazi na mto ni mzima. Zikiwa rangi moja, mwani umekufa, na kuna kitu kibaya kimeingia majini. Basi, elimu yangu yote ilikuwa hiyo, na niliitembeza kama kofia mpya.

Mfuko mweusi wa chupa alinishonea mama mdogo. Huyu alikuwa mke wa pili wa baba yangu, Mkuria kutoka kule karibu na mpaka wa Tanzania. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya, na mama mdogo ndiye aliyenifunga mgongoni, akanitafunia nyama mpaka nikaota meno ya kutafuna mwenyewe. Yeye hakujaliwa mtoto. Baba alipokufa alibaki kwenye nyumba yake, chini kabisa ya boma letu, karibu na mto. Kanisani hakwenda. Alikuwa na Mungu wake wa kwao, na walielewana bila kelele.

Sisi wengine tulikuwa Waadventista, tena si wa mchezo. Kaka yangu mkubwa, aliyeshika boma baada ya baba, alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa jua likielekea kuzama, kwetu moto ulizimwa, viatu vilikuwa vimeshapigwa rangi, chakula cha kesho kimeshapikwa na kufunikwa. Jumamosi hata kuni hazikuvunjwa.

Tatizo ni kwamba siku zile ofisi za serikali zilifanya kazi Jumamosi mpaka mchana. Nikaandika barua kwa bwana mkubwa, Kiingereza cha kuvaa tai, nikimwomba kwa unyenyekevu aniruhusu kumcha Mungu wangu. Akakubali. Habari zikanitangulia nyumbani. Waumini wetu waliokuwa vibarua kwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu, huko Osiri, juu ya mto kutoka bomani kwetu, wakanijia mmoja mmoja halafu kwa kundi. Nao walitaka barua. Nikawaandikia ya pili, tamu kuliko ya kwanza, nikimsihi meneja wa kinu azime mashine siku ya Sabato. Naye akakubali! Jumamosi iliyofuata kaka alisimama mbele ya kanisa akamshukuru Mungu kwa kalamu ya ndugu yake. Siku hiyo sikutembea kurudi nyumbani, nilielea.

Miezi michache baadaye, ng'ombe wa kaka wakaanza kufa.

Alianza ndama, akafuata mtamba, kisha yule ng'ombe wa maziwa ambaye watoto wa kaka walimtegemea. Wa kaka peke yake ndio walionywea pale chini ya boma, karibu na kijito kinachotoka kinuni kinapoingia mtoni. Majirani walinywesha kwenye kivuko cha juu. Watu wakanong'ona kuhusu maji ya kinu. Kaka akapanda basi mpaka Homa Bay, akasimama mlangoni kwetu akiwa na kofia mkononi. "Si wewe ndiye mtu wa mito?" akaniambia. "Njoo uutazame wa kwenu."

Bwana mkubwa alifurahi kuliko ilivyostahili kwa mtu aliyeletewa habari za msiba wa ng'ombe. Alinipa kreti mbili za chupa na dawa zake, akaniambia nikae kule kwetu nipime kila siku ya kazi. Nikaenda. Jumatatu nilitundika chupa zangu, Jumanne nikatundika, mpaka Ijumaa. Kila siku chupa ya mwangani ilitoka kahawia ya kupendeza na ile ya mfukoni ikatoka hafifu. Mwani ulikuwa unachapa kazi kuliko ofisi nzima ya Homa Bay. Nikamwendea kaka kifua mbele. "Mto ni mzima," nikamwambia.

 Kaka akasema, "Kama si maji, basi ni mtu."

Niliyasikia maneno hayo lakini sikuyasikiliza, nilikuwa nashughulika kuyafuta madoa ya dawa kwenye suruali. Ilibidi wiki ya pili ipite ndipo nikaelewa. Kanisani tulifundishwa kwamba uchawi haupo. Nyumbani hatukuwa na uhakika sana. Kaka, kwa cheo chake, hangeweza kulitamka neno jajuok, yaani mchawi. Alichosema ni kwamba katika boma hili kuna roho isiyo safi. Na katika boma lote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa mgeni wa kabila, asiye na mtoto, asiyekwenda kanisani, na ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka mahali ng'ombe wanaponywea. Watoto wakakatazwa kula kwake. Shemeji akaacha kumwazima chumvi. Ng'ombe wakaendelea kufa, na kila Ijumaa mimi nikaendelea kutangaza kwamba mto hauna neno. Yawa! Nilikuwa shahidi wa mashtaka, tena shahidi wa serikali, na sikujua.

Mama mdogo alinijia nikiwa naosha chupa. Alikuwa mtu wa maneno machache, Kijaluo chake kilikuwa na Kikuria ndani yake mpaka alipokufa.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "hizo chupa unaziweka siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Hata Jumamosi?"

"Siku zote isipokuwa Sabato."

Akanitazama. "Jumamosi ninyi nyote mko kanisani. Mimi ndiye ninayeteka maji. Siku hiyo maji yanauma ulimi. Ninayamwaga, nakwenda kisimani. Ng'ombe hawamwagi. Mnawateremsha jioni mkishatoka kuomba, na Jumapili mnachuna mzoga."

Lo! Ukweli wote alinipa pale, bila kreti na bila dawa. Mtu mwenye akili angetupa kitambaa akamkumbatia. Mimi nilimwambia nitalifikiria.

Nililifikiria siku mbili, nikapata ufumbuzi ambao hata leo nikiukumbuka masikio yanawaka. Kupima Jumamosi sikuweza, mimi ndugu wa mzee wa kanisa, mimi mwenye kalamu iliyoombewa. Lakini chupa hazikubatizwa! Ningeziteka na kuzitundika Ijumaa kabla jua halijazama. Zingeshinda Sabato nzima mtoni zikifanya kazi zenyewe, mimi nikiimba. Jumamosi jua likishazama ningezitoa. Sheria ya Mungu ingetimia, na ya serikali pia. Nilijiona nina busara hata nikacheka peke yangu.

Nikafanya hivyo. Jumamosi jua lilipozama nikazitoa, nikadondosha dawa, nikazitazama kwenye taa ya mafuta. Zilitofautiana vizuri sana. Kumbe hata Jumamosi mto ni mzima! Nikalala nikiwa na amani, na kidogo nikamsikitikia mama mdogo, mtu mzima anayesingizia maji.

Asubuhi mtamba mwekundu wa kaka alikutwa amekufa, povu mdomoni. Ndugu wa ukoo wakaitwa, wakakaa uani kwa kaka. Mama mdogo alikaa mlangoni kwake, mbali kidogo, miguu ameinyoosha. Kaka aliniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kusomea taarifa za kanisa:

"Jana ulipima?"

"Nilipima."

"Jana yenyewe, Sabato?"

"Chupa zilikuwa mtoni kutwa."

"Na mto?"

Mama mdogo alikuwa ananitazama. Si kwa kusihi, hakuwa mtu wa kusihi. Ananitazama tu, alivyozoea kunitazama nilipokuwa mdogo, akisubiri nimalize kutafuna.

"Mto ni mzima," nikasema.

Hakuna aliyesema aondoke. Sisi ni watu wa adabu. Mmoja alisema pengine angependa kuwatembelea ndugu zake kule Kuria, mwingine akasema safari ni nzuri kwa afya. Jumatatu aliondoka na sufuria moja, kuku mmoja na mzigo wa nguo. Sikumuaga. Nilikuwa mtoni, napima.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kanisani, kiti cha mbele, tai imenikaba. Mbele ya macho yangu, mama mmoja alimtolea mtoto wake chupa ya maziwa kutoka kikapuni, akachomoa kizibo cha gunzi la mahindi, akanusa, akakunja uso. Jirani yake akamuuliza kwa kunong'ona kama yameharibika. "Ni ya jana," akajibu. "Si unajua leo hatukamui?"

Nikacheka kidogo, kwa sababu ni kweli, Sabato nzima sisi tulikula Ijumaa. Ugali wa Ijumaa, mboga ya Ijumaa, maziwa ya Ijumaa ndani ya chupa iliyofungwa.  Chupa iliyofungwa! Maji niliyoyaning'iniza mtoni siku ile yalikuwa ya Ijumaa. Yalishinda kutwa ndani ya kioo, kizibo kimekazwa, mwani wa Ijumaa ukipumua hewa yake salama salimini, na mto wa Jumamosi ukipita nje bila kuingia hata tone. Sikuupima mto. Nilipima chakula cha jana.

Nilisimama katikati ya wimbo. Waimbaji walidhani nimeguswa na Roho, wakapandisha sauti.

Sikupita nyumbani kubadili nguo. Nilichukua kreti stoo, nikaingia mtoni na viatu vyangu vya kanisa, maji mpaka kiunoni, nikateka jozi mbili za chupa na kuzitundika. Harufu ilikuwa kali, ya kukereketa pua. Vidagaa vilikuwa vinaelea tumbo juu, na kunguru wamejaa ukingoni wanavisafisha upesi upesi. Hao hawakuwa na kanisa, na kufikia jioni hawangebakisha ushahidi. Nikaacha chupa zifanye kazi yake, nikapanda na kijito mpaka kinuni.

Mashine zilikuwa kimya. Watu watano, Wakatoliki wa Suna, walikuwa wanayamwaga matangi ya dawa ya kuyeyushia dhahabu, maji ya kijivu yakiteremka kijitoni kwa haraka. Mnyapara wao akaniona nilivyolowa, akaangua kicheko.

"Mwandishi wa barua! Karibu, bwana. Umebatizwa tena?"

Nikamuuliza wanafanya nini.

"Usafi," akasema. "Na tunakushukuru sana. Zamani tulimwaga kidogo kidogo kila siku, mashine zinanguruma, taabu tupu. Tangu ile barua yako, Jumamosi mashine zimelala. Tunamwaga ya wiki nzima kwa mara moja, saa sita tumemaliza. Wewe umetusaidia, haki ya Mungu."

Nilishika mti. Kidogo kidogo kila siku, mto ungekunywa na kusahau. Ya wiki nzima kwa mara moja, tena siku ile moja ambayo mtu wa mito ameomba ruhusa, kwa Kiingereza safi, asitazame. Jumatatu mwani mpya ungekuwa umeshateremka kutoka juu, hauna kinyongo, umeanza kazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wote tulikuwa tunamcha Mungu.

Saa tisa nilikuwa mtoni nikizitoa chupa, na ndipo kanisa zima lilipopita njia ya ukingoni kurudi makwao. Wakasimama. Mimi hapo, tai shingoni, maji kiunoni, kioo mkononi, kazi ya serikali, siku ya Bwana. Kaka akasogea mpaka ukingoni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Natenda dhambi," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hasa na mimi. "Ngoja nimalize, halafu utaniombea."

Nikadondosha dawa mbele yao. Ile ya mwangani ikatulia na rangi yake. Nikaivua ya pili mfuko mweusi, nikadondosha. Rangi ile ile. Nikaziinua pamoja, moja kila mkono. Hata mtoto angeona kwamba ni mapacha. Kaka hakuwa mjinga. Alizitazama, akawatazama kunguru, akatazama mlango wa mama mdogo uliofungwa kwa kamba.  Jioni hiyo ng'ombe wake walinyweshwa kwenye kivuko cha juu.

Yaliyobaki yalikwenda kama mambo ya ofisi yanavyokwenda. Jozi moja niliipima rasmi, nikaandika ripoti. Bwana mkubwa akaisifu, akauliza tu kwa nini wiki za mwanzo hazina Jumamosi, kisha akakumbuka na kuona haya kwa niaba yangu. Kinu kikaamriwa kuchimba shimo la kumwagia maji yake. Ng'ombe wakaacha kufa. Kanisa likaketi, likaniweka kando miezi kadhaa kwa kuivunja Sabato. Kaka aliinua mkono pamoja na wengine, halafu akaongoza sala ya kumshukuru Mungu kwa kuiponya mifugo yake.

Jozi ya pili nayo niliidondoshea dawa, ikatoka rangi ile ile, lakini sikuipeleka ofisini. Niliifunga kwenye gazeti, nikaipandisha lori mpaka Migori mjini, kisha nikatembea upande wa Kuria kumtafuta mama mdogo. Nisikufiche: alirudi, lakini baada ya mwezi mzima, na alisema wazi kwamba ameyarudia maharagwe yake yaliyokomaa shambani. Siku ile nilimkuta nyumbani kwa kaka yake, anapepeta wimbi. Alinipokea, akanipa kigoda. Nikafungua gazeti, nikaziweka chupa mbele yake, nikamweleza yote, jua na giza, Ijumaa na Jumamosi, barua na matangi. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

"Ni rangi moja," akasema.

"Ndiyo, mama. Maana yake ni mto. Si wewe."

Akachukua ule mfuko mweusi, akaugeuza ndani nje, akakagua mshono wake kama bado umeshika.

"Na zingetofautiana," akauliza, "ungekuja?"

 Mimi niliyelipwa na serikali ili nitoe majibu, nilianza kuzifunga chupa tena kwenye gazeti. Yeye akainuka, akaingia jikoni, akarudi na uji wa wimbi kwenye kibuyu, akaniwekea mikononi.

"Kunywa," akasema. "Au utaupima kwanza?"

Niliunywa wote palepale, ukiwa bado wa moto, na ukaniunguza mpaka tumboni.